Nyongeza ya Mwenye Duka

"Kwani hivyo vita vinapiganwa ndani ya kopo lako, kaka?" Dada yake mwenye duka aliinua chupa ya mafuta, kwa pesa ileile ya juzi haijafika hata nusu. "Wanangu nikawakaangie ushuru?"

Gumba la mwenye duka lilikuwa jeupe kwa chaki kama la mwalimu, na shule aliikimbia. Kila asubuhi alifuta nalo bei mlangoni aandike nyingine, maana huko mbali vita vimezuia meli, na huku serikali imepandisha ushuru. Akakung'uta kopo mpaka tone la mwisho. Kisha mkono, kwa mazoea ya miaka, ukachota ile nyongeza ya bure ya kila mteja, ukasita juu ya chupa, ukairudisha kwenye pipa.

"Hata mimi niliyenyonya nawe ziwa moja?"

Akafuta gumba kwenye suruali, akampa dada yake kisogo, akaingia stoo.