Kuku Mwekundu wa Darsa ya Chole

Sheikh wangu alininyima ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha, kwa sababu nilisomesha bila kukosea hata mahali pamoja. Kila ninapolieleza jambo hili watu hunitazama kama kwamba nimeficha nusu ya habari. Sikuficha. Ilikuwa hivyo.

Wakati huo boma la Wadachi, ndio Wajerumani, lilikuwa bado kisiwani Chole, na darsa yetu ilikuwa barazani kwa sheikh. Sisi wanafunzi wakubwa tulikuwa tumemaliza vitabu. Kilichobaki ni kujifunza kusomesha, na hilo halikuwa na kitabu. Ulikaa karibu na sheikh, mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, ukamtazama anavyosoma ibara ya Kiarabu, anavyoifasiri kwa Kiswahili, na mahali anaponyamaza. Asubuhi nilifua nazi katika shamba la Mwarabu mmoja; alasiri nilikaa darsani, viganja vinaniwaka. Nilikuwa na uchovu usioondoka kwa usingizi.

Watu wa Kiegeani, ng'ambo, walikuwa wamefiwa na mwalimu wao na walinitaka mimi. Sharti lao lilikuwa ijaza, tena kabla ya Ramadhani. Nikiikosa, ningebaki kufua nazi, pengine maisha.

Siku ya kujaribiwa, sheikh alihama mahali pake, akakaa nyuma kabisa na kumpa mgongo anayesomesha. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Nilipewa mlango wa maji, sura inayoeleza maji gani yanafaa kutawadhia. Nikasoma, nikafasiri, na nilipofika penye kisima kilichoingia najisi nikatoa mfano tuliousikia kwa sheikh kila mwaka.

"Kuku wangu mwekundu alifia kisimani, nyuma ya nyumba. Mke wangu akataka kisima kikaushwe. Nikamwambia, ngoja kwanza. Maji yamebadilika rangi? Harufu je? Ladha?"

Fundi mmoja wa mashua, aliyeanza kusoma utu uzimani, akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Umeoa lini?"

Wenzake wakainamisha vichwa ili wasionekane wanacheka.

"Ni mfano, mzee wangu," nikasema.

"Najua. Kuku huyo namjua. Juani kafa, Jibondo kafa, kila alikokwenda mwanafunzi wa hapa kuku kafa. Mimi kisima sina. Nina pipa la maji ya mvua, na jana nimekuta panya mle, kavimba. Nifanyeje?"

Nikaisoma ibara upya, nikaifasiri neno kwa neno, kama sheikh anavyofanya akiulizwa.

"Kwa hiyo niyamwage?"

Nikaanza kumrudia kuku. Fundi akafunga kitabu, si kwa kuridhika.

Watu walipotawanyika sheikh aliniita. "Hukukosea hata herufi. Hata kikohozi changu umekitoa mahali pake."

"Alhamdulillahi, sheikh."

"Kuku ni wangu, mwanangu, na mke ni wangu. Yule kaja na pipa, wewe umemrudisha nyumbani na kisima. Hukumuuliza hata pipa lake ni kubwa kiasi gani, na maji machache hayana hukumu ya maji mengi. Leo sikupi."

"Nije tena lini?"

"Utakapokuwa na kuku wako."

Nilidhani Kiegeani wangetafuta mtu mwingine. Hawakumpata. Ramadhani ilikaribia, wakaniambia nije nishike nafasi, na ijaza itanifuata. Nikavuka na kitabu na mkeka.

Huko nilianza kwa kuuliza kila mtu anateka maji wapi. Mmoja alikuwa na mtungi tu, mwingine alitegemea dimbwi la shambani ambamo ng'ombe hunywa. Darsa ikawa nzito. Tulikaa kwenye ukurasa mmoja mpaka wengine wakaanza kunung'unika, na mimi nilirudi chumbani nimechoka kuliko nilivyochoka kwenye nazi.

Alasiri moja sheikh alitokea bila taarifa.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba. Endelea."

Akakaa nyuma, akatugeuzia mgongo. Mwenye dimbwi alikuwa anauliza kuhusu mbwa aliyefia mle. Nikamuuliza kina chake, maji yanamfika wapi akisimama, yananuka au hayanuki. Tukabishana, wenzake wakaingia, mmoja akaapa kuwa dimbwi lile linanuka hata bila mbwa. Katika zogo hilo niliruka ibara nzima, nikalazimika kuirudia baadaye. Nilipoinua macho, viatu vya sheikh havikuwapo mlangoni. Aliowapita nje walisema aliwasalimu tu, akashika njia ya pwani.

Sikupata neno lolote kutoka kwake. Masika yalipokolea nikaletewa habari ya msiba wake, nikavuka kwenda kuzika. Niliwauliza watu wa nyumbani kwake kama alinitaja. Walisema alikuwa akitaja wanafunzi wote.

Kiegeani huniita mwalimu, na hawajauliza tena habari ya ijaza. Lakini juzi mwanafunzi wangu mkubwa, anayetakiwa Juani, alinijia baada ya sala akaniomba nimpe ijaza, ambayo mimi mwenyewe sikupewa. Bado sijamjibu.