Dole la Shangazi

Shangazi yangu alikuwa anaogesha watoto wachanga. Hakuajiriwa na mtu wala hakusomea. Mwanamke akijifungua kwenye vilima vya kwetu, juu ya Tumati, shangazi alikuwa anaitwa hata kabla ndugu wa mume hawajapata habari vizuri. Anaingia, anaomba maji ya uvuguvugu, anamlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto, na mtoto ananyamaza. Mimi mwenyewe aliniogesha, akanilea baada ya mama kufariki, akanisomesha kwa kuuza maharage. Nayasema haya mapema kwa sababu nitakayoeleza hayanipi sifa, na sitaki mtu adhani nilimtendea mtu baki.

Nilipata kazi kwenye shirika moja la afya ya watoto. Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe. Kazi ilikuwa kupanda gari, kushuka, kutafsiri Kiiraqw kwenda Kiswahili na kurudi, na kugongesha watu dole kwenye karatasi ya mahudhurio. Mkutano bila karatasi ya mahudhurio ulihesabika haukufanyika, hata kama uwanja ulijaa. Wazee wetu walishaizoea. Wakiona tu pedi ya wino wananyoosha dole bila kuuliza.

Siku moja tukawa na mpiga picha kutoka mjini aliyetaka bibi na mjukuu. Nikampeleka kwa shangazi, kwa sababu nyumba yake ilikuwa njiani, na kwa sababu nilitaka anione nikishuka kwenye gari. Mjukuu alikuwepo, msichana wa miaka mitano, mtoto wa binti yake aliyeolewa Getanuwas kwa wafugaji. Alikuwa ameletwa kutibiwa. Aliharisha wiki nzima, na sasa alikuwa amepata nafuu ila bado amelegea, amejifunika shuka la bibi yake. Mpiga picha akasema bibi atazame mbali, asitabasamu. Nikatafsiri. Shangazi akauliza kwa nini asitabasamu wakati mtoto amepona. Hilo sikulitafsiri.

Halafu ikaja fomu. Ilikuwa ya kurasa mbili, maandishi madogo madogo, na dereva alikuwa anapiga honi maana tulitakiwa kufika Yaeda Chini kabla mvua haijaharibu njia. Shangazi akaniuliza, "Hii ni ya nini, mwanangu?"

"Ni mahudhurio tu, shangazi."

Akacheka, akasema basi amehudhuria nyumbani kwake mwenyewe, akanyoosha dole. Mimi nikasaini chini, palipoandikwa shahidi.

Mtoto akapona kabisa, akarudi kwao. Baada ya mavuno, bango likatundikwa kwenye ukuta wa ghala, mkabala na mashine ya kusaga. Lilikuwa kubwa kuliko mlango. Shangazi anatazama mbali, mtoto amelala kifuani macho yakiwa yamefumba nusu, na chini yake maneno mekundu: Bibi huyu alimpoteza mjukuu wake kwa kuharisha. Wewe usisubiri.

Lazima nieleze jambo moja kwa asiyetufahamu. Kwetu, tangu zamani, nyumba iliyofiwa na mtoto inajitenga. Aliyefiwa haingii kwenye nyumba yenye mzazi, hagusi mtoto mchanga wa mwenzake, mpaka muda wake uishe na wazee wamsafishe. Siku hizi karibu wote tunakwenda kanisani, na ukimuuliza mtu atakwambia mambo hayo yalikwisha. Hayajaisha. Na kuficha kifo cha mtoto ukaendelea kushika watoto wa wengine ni kosa kubwa kuliko kifo chenyewe. Watu waliokuwa wanajua kusoma wakawasomea wasiojua, na kila mmoja akakumbuka kwamba ni kweli, yule mjukuu wa Getanuwas hawajamwona tena.

Shangazi hakujua kusoma. Alipita mbele ya uso wake wiki nzima na debe la mahindi, akishangaa tu kwamba amewekwa ukutani kama mgombea. Alijua siku alipokwenda kwa jirani aliyejifungua. Jirani mwenyewe alitoka akiwa bado na maumivu yake, akasimama mlangoni akiwa ameshika fremu kwa mikono miwili. "Shikamoo mama," akamwambia. "Utusamehe. Mtoto bado mchanga sana." Shangazi alirudi nyumbani na kitambaa chake cha kuogeshea.

Alipoelezwa, alifanya jambo la maana kuliko sisi wote: alituma ujumbe Getanuwas mtoto aletwe watu wamwone. Mkwe wake, mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi, alikataa. Alisema hatampeleka mwanawe mahali alipotangazwa kufa. "Waliomtangaza kufa waende wamtangaze mzima," alisema. Nilipofikishiwa jibu hilo nilimwona mshamba. Leo naona ndiye peke yake aliyeelewa sheria bila kuisoma.

Wazee wakaja na njia yao nyepesi. Shangazi akae matanga, anyolewe, asafishwe, mambo yaishe. Akawajibu, "Nimlilie mtoto anayekula ugali?" Aliwafukuza kwa heshima, ila aliwafukuza.

Basi nikampeleka Mbulu mjini kwa msaidizi wa kisheria. Nilimpeleka mimi, tena nilijisifu moyoni kwa kumpeleka. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano na mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha. Kijana yule alitupokea vizuri, akamwamkia shangazi, akatueleza taratibu. Katiba inalinda faragha ya mtu. Iko sheria ya kulinda taarifa binafsi, na uso wako ni taarifa yako. Anayetaka kuutumia lazima akuombe ruhusa, na ruhusa ambayo hukuielewa si ruhusa. Hata uliyoitoa kwa kuelewa unaweza kuiondoa. Unawaandikia walitoe, wakikataa unalalamika kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo, na mahakama inaweza kuwaamuru wakufidie. Kwa upande wa mtoto, anayelalamika ni mzazi wake.

Nikawa natafsiri. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo uso ni wangu hata ukiwa kwenye karatasi yao?"

"Ni wako, mama," kijana akasema.

Sijamwona akifurahi vile tangu nimalize shule. Kisha kijana akauliza, "Ila umesema uligonga dole. Nani alikusomea fomu?"

Nikatafsiri swali. Shangazi hakunitazama. Alitazama kalenda ukutani, akasema hakumbuki, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikatafsiri jibu. Neno kwa neno, kwa sauti ileile, na sikumkosea hata neno moja.

Shirika lilijibu barua kwa haraka. Liliambatanisha nakala ya fomu: dole la shangazi, na chini yake sahihi ya shahidi. Kijana akanipigia simu niende peke yangu. Akaigeuza karatasi mezani ielekee kwangu, wala hakupandisha sauti. "Dada, ukiapa kwamba hukumsomea, fomu hii haina nguvu tena. Bila hivyo, wanasema alikubali." Kuhusu mtoto, alikuwa ameshampelekea baba yake fomu ya malalamiko, na yule akakataa kuigusa. Alisema dole moja limetosha kuua mtoto, la pili litafanya nini.

Nikaomba wiki moja. Nilijiambia mengi wiki hiyo: kwamba nikifukuzwa kazi nitakosa likizo ya uzazi, kwamba bango litachakaa lenyewe kwa jua, kwamba watu watasahau. Mimi ni mtu wa hasira, naweza kugombana na kondakta kwa sababu ya begi, lakini hapo nilikausha kama sipo. Wiki ikawa mwezi. Nikasema basi nijifungue kwanza. Kila nilipokwenda kusaga nilipita upande wa pili wa barabara.

Nilipokaribia siku zangu nilikwenda kukaa kwa mama mkwe, kijiji cha pili. Nilimwomba amruhusu shangazi aje aniogeshee mtoto. Mama mkwe ni mzee wa kanisa, anajua zaburi nyingi kuliko mchungaji. Alikunja kanga yake taratibu. "Mimi siamini hayo mambo," akasema. "Lakini mtoto ni mtoto. Hapiti hapa mpaka asafishwe."

Sijui nani alimfikishia shangazi maneno hayo. Mimi sikumfikishia, na wala sikuyapinga. Siku nne baadaye aliwaita wazee waliomshauri mwanzo. Alinyolewa nywele. Alikaa ndani peke yake na kikombe chake peke yake, mlango umerudishwa, na jirani akimwachia chakula kizingitini. Aliulizwa anamlilia nani, maana huwezi kusafishwa bila aliyekufa. Akalitaja jina la mjukuu wake. Walioshuhudia waliniambia alilia kweli, mpaka wazee wenyewe wakaona inatosha.

Nilijifungua mtoto wa kiume mwezi uliofuata. Shangazi akaja, kichwa kimeota nywele fupi nyeupe ambazo sikujua anazo. Akaomba maji ya uvuguvugu. Akamlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto, na mtoto akanyamaza. Mama mkwe akampa kiti na kumwita dada. Mimi nilikuwa nimelala ubavu, natazama mikono yake.

Nikamwambia siku hiyohiyo. Nikamwambia fomu haikuwa mahudhurio, na kwamba sahihi ya shahidi ni yangu. Hakuacha kumpaka mtoto mafuta.

"Nilijua," akasema. "Ulipokuwa mdogo ukidanganya ulikuwa unaongea haraka. Siku ile uliongea haraka."

"Mbona hukusema kule Mbulu?"

"Ulikuwa na mimba. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nilikwenda kuapa mtoto akiwa na wiki sita. Hati ya kiapo ilikuwa ukurasa mmoja, na kuiandika hakukuchukua hata nusu saa. Mkataba wangu haukuongezwa, kama nilivyotarajia, na maisha yakaendelea, jambo ambalo sikulitarajia. Shirika lilivuta miguu, barua zikaenda na kurudi mwaka mzima, malalamiko yakafika kwenye Tume. Hatimaye wakaja watu wawili na ngazi na koleo, wakalishusha bango kabla hata mahindi yangu hayajamaliza kusagwa. Wakampa shangazi barua yenye muhuri, ya kuomba radhi. Alinipa mimi niipeleke Getanuwas, akisema huko ndiko inakohitajika.

Nilimkuta mkwe wake nje ya boma, anatibu jeraha la ndama. Habari za matanga zilikuwa zimeshamfikia siku nyingi. Alinipokea bila ukali. Alinitolea kigoda, mkewe akaniletea maziwa, lakini hakukaa kuongea nami kama zamani.

"Picha waliipiga wageni," akaniambia, akiwa bado ameshika mguu wa ndama. "Wageni hawatujui. Yeye alimlilia mwanangu mzima kwa kinywa chake. Kwetu, aliyekulilia hawezi kukuona tena. Asije, na mtoto asiende."

Nikamwambia sababu ilikuwa mimi. Nikamweleza yote, dole, mahudhurio, mimba. Alisikiliza, akafuta mikono kwenye majani. "Basi umefanya vibaya," akasema. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Ingekuwa afadhali.

Mtoto akatoka shule wakati huo, sketi ya kijani, madaftari kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amerefuka, ana paji la uso la bibi yake. "Shikamoo," akasema, akainamisha kichwa nimguse. Yuko darasa la pili. Baba yake akamwambia asome ile barua, nadhani ili mimi niisikie, au labda ili aone kama ada ya shule inafanya kazi. Akaishika kwa mikono miwili, akafuata mistari kwa kidole.

"Ta-a-ri-fa i-li-yo-an-di-kwa ha-i-ku-wa ya kwe-li," akasoma. "M-to-to a-na-ye-o-ne-ka-na kwe-nye pi-cha yu-ko ha-i." Akarudia mstari wa mwisho bila kukata maneno, akacheka kwa sababu ameuweza. Kisha akaitazama tena barua, akanitazama na mimi.

"Ni mimi huyu?"

"Ni wewe."

"Bibi anajua niko hai?"

Baba yake akageuka kumtazama ndama. Nikamwambia ndiyo, bibi anajua, bila kumwambia kwamba hawataonana tena, na nikagundua nimesema haraka.