Salfa kwenye Majani ya Maboga

Mama alipofikia hali ya kumeza kwa shida, kitu pekee kilichopita kooni bila kumtoa machozi kilikuwa mboga ya maboga: majani machanga yaliyomenywa nyuzi, yakapikwa kwa tui zito mpaka yakalainika kabisa. Nyama ilimkataa, dagaa walimkataa. Siku niliyomsongea ugali laini akala matonge mawili na majani hayo, nyumba nzima ilipumua. Tangu hapo bustani ya nyuma ya nyumba yetu, hapa Kibiti, ikawa ndiyo chakula chake, na niliyekabidhiwa ni mimi.

Niseme ukweli wangu. Niliishia darasa la saba. Kilimo nilijifunza kwenye kijitabu kisicho na jalada, na nikiona jani lenye doa sipati usingizi. Kila asubuhi nilipita shina kwa shina nikigeuza majani. Yenye matundu niliyachuma na kuyatupa, ingawa yalikuwa yanalika. Shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutusaidia kumuuguza mama, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akinitazama.

"Bibi shamba, leo una wagonjwa wangapi?"

"Sita, shangazi."

"Umewapa kitanda, au umewarudisha kwao?"

Sikucheka. Mbegu za maboga yale mama alizitoa Mohoro, bondeni, kwenye udongo mweusi unaoachwa na maji ya mto. Mchanga wetu wa huku juu haukuzipenda. Leo mtu mwenye mchanga kama wetu ningemwambia apande matembele kwanza, na maboga mashina machache tu, kwenye mashimo yaliyojazwa samadi iliyooza. Lakini mama alitaka maboga, nami nilitaka maboga yasiyo na kasoro.

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, nikaona majivu kwenye majani ya maboga. Kila mtu wa huku anaujua unga ule mweupe, kama vile mtu amepita akipuliza jivu la mekoni. Unga huo ukishika maua ya korosho yanakauka, na dawa yake ni salfa ya njano. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kuigawa. Ilikuwa enzi ya ruksa, kila kitu kwa wafanyabiashara, na baba alikuwa na nusu mfuko aliyoitunza kuliko kanzu yake ya Idi. Nilichota kopo moja bila kumwambia.

Shangazi aliniona nikiitia kwenye soksi kuukuu ili niikung'ute juu ya majani.

"Hiyo ni ya mikorosho," alisema. "Na hata mikorosho hupulizwa alfajiri, umande ungalipo. Sasa hivi jua limeshatoka."

"Nimesoma, shangazi. Ni ugonjwa uleule."

Sikuwa nimesoma. Kijitabu changu hakikuwa na neno hata moja kuhusu salfa na maboga. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshaanza, na kitu nilichokianza siwezi kukiacha nusu.

Wenye bomba la kupulizia dawa hupita mara moja na kwenda zao. Mimi nilikwenda jani kwa jani, juu na chini, na pale unga ulipokaa vibaya nilirudia. Adhuhuri iliadhiniwa nikiwa bado nimeinama, mgongo unaungua, macho yanawasha. Nilipomaliza bustani yote ilikuwa ya njano, sawasawa, na nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya mwezi ule.

Siku ya pili kingo za majani zilikuwa kahawia. Siku ya tatu ukilishika jani linavunjika mkononi. Maboga, matango na jamaa zao hawavumilii salfa kwenye jua kali. Majivu yale huanza na majani yaliyozeeka. Ningeyakata hayo, nikapunguza msongamano upepo upite, nikamwagilia shinani asubuhi, na tungeendelea kuchuma machipukizi kwa wiki nyingi. Mambo haya niliambiwa baadaye na mama mmoja muuza mboga sokoni, ambaye hajui kusoma.

Mama alipoulizia mboga nilimwambia nimeiacha ikue kidogo. Nikaenda kwa jirani, akanipa fungu. Nikaenda tena, akanipa. Mara ya tatu yake ilikuwa imekwisha. Nikampelekea mama uji.

"Maboga yangu yamekufa?" aliuliza.

"Hayajafa, mama."

"Yanaumwa?"

"Kidogo."

Alinitazama, kisha akamwomba shangazi amtoe nje. Nikasema jua ni kali. Shangazi alimbeba peke yake, maana mama alikuwa amekwisha kuwa mwepesi, akamkalisha kwenye mkeka ukutani. Mama akaiangalia bustani muda mrefu.

"Nani kayaunguza?"

"Mimi. Yalikuwa na majivu. Nilitaka yawe safi."

"Mwanangu, mimi ningeyala na majivu yake."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Jioni ile shangazi aliomba marando ya matembele kwa jirani, akayakata urefu wa mkono, akayafukia huku akinung'unika kwamba haya hayana makuu, hata ukiyasahau yanaota. Yaliota kweli. Lakini matembele yanataka karibu mwezi kabla ya kuchumwa, na mama alikwenda kwenye uji, kutoka uji akaenda kwenye maji ya uji, kisha maji matupu kwa kijiko. Siku tuliyomzika, marando yalikuwa na majani manne manne.

Shangazi ameniambia mara nyingi kwamba kilichomuua mama ni ugonjwa, nami naamini. Siku moja nilimjibu kwamba ugonjwa si wangu, lakini njaa ya siku zile za mwisho ni yangu. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua, wala hakunikatalia.