Kamera ya Mfuko wa Mjomba

Enzi zetu, kabla kila mkono haujaota kamera, kuna swali lilinishinda, na mimi si mtu wa kushindwa kimyakimya. Umati mzima uliokuwa ukimtazama mtu aliyejivika chatu hai shingoni, ulimwachaje ghafla na chatu wake, ukavuka uwanja kwenda kumtazama mjomba wangu, mtu wa kitambi, akibonyeza kidude kisichozidi kipande cha sabuni?

Sisi tuliokua Bariadi miaka ile tunazijua ngoma za baada ya pamba kuuzwa. Vyama vya ngoma ni viwili: Wagika wanacheza upande huu, Wagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na hakuna jaji mwenye kalamu. Jua likizama, mwenye watu wengi mbele yake ndiye mshindi. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na hila za kuiba watazamaji wa mwenzake. Tuliwahi kuona mtu akicheza na fisi kwenye kamba. Tuliwahi kuona mtu akila chakula cha mchana juu ya nguzo, bila haraka, na mchuzi.

Upande mtu hurithi kama pua. Mama alitoka kwa Wagika wa Mwamapalala. Baba alikuwa Mgalu, tena aliwahi kuwa mpiga filimbi wao anayeongoza msafara mzima, mpaka mgongo ulipomstaafisha akabaki na useremala wake pale Somanda. Msimu wa ngoma ukifika, wazazi wangu waliacha kuzungumza moja kwa moja. Mazungumzo yalipitia kwangu.

"Mwambie Mgika mwenzio chumvi imezidi."

"Mwambie huyo Mgalu akale kwa chatu."

Niliuliza kwa nini watu wazima wawili wanaokaa mkeka mmoja wanahitaji mkalimani. Nikaambiwa niende nikafagie.

Mjomba Masanja, kaka pekee wa mama, ndiye alikuwa manju wa Wagika, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo zao. Misimu miwili mfululizo alikuwa ameshindwa, na kwetu kushindwa hakuishii uwanjani. Unaimbwa. Wanawake wakiteka maji wanakuimba, watoto wakichunga mbuzi wanakuimba, nasikia hata kwenye msiba mtu mmoja alijisahau akamwimba. Basi mjomba akaja mjini, akaketi kwenye kigoda cha mama pembeni ya cherehani, akasema, "Dada, nikishindwa mara hii, naswaga ng'ombe wangu, nahamia Katavi."

Tulijua hatanii. Wangapi walishaswaga ng'ombe wakaenda kusini, na habari zao zikaja mara moja, kisha zikakoma? Wazazi wa mama walikuwa wameshatangulia. Mjomba akiondoka, Mwamapalala ingekuwa imebaki makaburi tu. Wiki ile mama alishona sare za shule bila kuimba, na akaweka mfuko wa shati mgongoni.

Wazo la kamera alilipata harusini, alipoona watu wanavyosukumana kuingia kwenye picha, mpaka bwana harusi akabaki nje. Kwenye ngoma ni kawaida kumtuza mchezaji, shuka au kuku. Mama akaamua atamtuza kaka yake kamera, katikati ya mashindano, mbele ya kila mtu.

"Kamera?" baba alisema, safari hii bila mkalimani. "Masanja? Mtu ambaye redio akitaka kuizima anaifunika blanketi?"

Ilibidi iwe ya mfukoni. Manju anahitaji mikono yote miwili, na kitu ukikiweka kwenye mkoba uwanjani kinapata mwenyewe mwingine. Sasa, zamani mtu wa kijijini akitumwa viatu mjini hubeba kijiti kilichokatwa kwa urefu wa mguu wa mvaaji. Mama akafuata utaratibu huohuo. Alimshonea mjomba shati jipya, akalikunja, tukaenda nalo dukani kwa Baba Zuhura, ambaye aliuza saa, redio, kanzu na tende wakati wa Ramadhani.

"Nataka kamera ya mfukoni," mama alisema.

"Mfuko upi, dada yangu?"

Mama akalitandaza shati juu ya kioo. "Huu."

Baba Zuhura alilitazama lile shati, akanitazama mimi, akatazama barabarani kama mtu anayetafuta shahidi. "Miguu nimeiona ikija kununua viatu," alisema. "Shati kuja kununua kamera, leo ndiyo mara ya kwanza. Karibuni."

Ya kwanza ilikuwa nzuri, lenzi inatoka na kurudi kama kichwa cha kobe. Haikuingia mfukoni. Ya pili iliingia mpaka ikapotea, ila haikuwa na flashi. Ya tatu, ya rangi ya fedha, iliingia ikabaki imevimba kidogo. Mama akalivaa shati juu ya gauni lake, akaitumbukiza kamera mfukoni, akacheza pale dukani, mabega yote mawili, wateja wakipisha. Haikudondoka.

"Mbona ndogo ni ghali kuliko kubwa?" niliuliza. "Na usipoweka mkanda itawaka? Na kama itawaka, mpigwaji atajuaje kwamba hajapigwa?"

"Huyu mtoto wako atakuwa hakimu," Baba Zuhura akasema.

"Kwanza atakuwa kimya," mama akajibu, akachukua ile ya fedha.

Siku ya ngoma tulisimama upande wa Wagika, mimi na mama, na nafasi ya kusimama tulikuwa nayo tele. Baba alikuwa ng'ambo kwa Wagalu, kwenye watu wengi, kwenye chatu. Mjomba aliimba mpaka mishipa ikamtoka, akiimbia wazee wachache na mbwa. Jua likaanza kushuka. Mama akafunga kanga vizuri, akaingia uwanjani kwa kucheza, akamtumbukizia kaka yake kamera mfukoni na kumnong'oneza pa kubonyeza.

Mjomba akaitoa. Ngoma ikalia, naye akabonyeza. Ngoma ikalia, akabonyeza tena, huku anarudi kinyumenyume na kutikisa mabega. Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha nikaona vumbi ng'ambo, na watu wakaanza kuja. Walikuja wakikimbia, wakipangusa nyuso, wakivuana kofia. Mama mmoja alimtuma mtu nyumbani akamletee viatu. Kijana wa ngoma wa Wagalu alifika na ngoma yake bado shingoni, akasimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Mimi nikamezwa na migongo, sikuona kingine. Jua lilipozama, yule wa chatu alikuwa anamkunja chatu wake peke yake, kama mtu anayeanua nguo.

Jioni ile baba hakugusa ugali. "Ule ni wizi," aliniambia, nimfikishie mama aliyekuwa amekaa hapohapo. "Ngoma ni miguu, si umeme!" Kila msimu uliofuata alilirudia hilo. Mama alikuwa akiimba kwenye cherehani, hakusikia.

Mjomba hakwenda Katavi. Picha ziliposafishwa, karibu zote hazikuwa na vichwa, lakini nani alijali? Watu walijitambua kwa nguo. "Huyu mimi, si unaona mkanda wangu?" Picha moja ilitembea nyumba kwa nyumba mpaka ikachakaa. Siku hizi wadogo zangu wanapiga sahani ya chipsi picha nyingi kuliko zote alizopigwa bibi yangu maishani, kisha wanazifuta kwa sababu chipsi hazikutoka vizuri. Mwaka jana nilikwenda kwenye ngoma, nikakuta umati umeinua simu na hakuna anayepiga makofi. Hakuna hata anayevuka uwanja, maana simu inavuta karibu yenyewe. Nilisimama pale nikatamani mtu mmoja tu atume aletewe viatu.

Lakini swali langu halikuniacha. Nikiwa chuoni nilimsimamisha mwenzangu juani, nikarudi nyuma nikiwasha flashi. Baada ya hatua chache alisema haoni kitu. Basi watu wa ng'ambo ya uwanja, jua bado linawaka, waliona nini?

Mwaka huohuo wa jana nikamuuliza mjomba. Alicheka mpaka akashika goti. "Wewe mayu, mama yangu, nani aliona mwanga? Waliona filimbi yao ya zamani inavuka, wakaifuata kama walivyozoea."

Wa kwanza kuvuka alikuwa baba. Alipomfikia mjomba alimwambia, "Shemeji, mimi usinipige. Piga hao wanaokuja nyuma."