Mikanda Tisa Kiunoni

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa na miaka hamsini na tisa, na bado nikialikwa kucheza chakacha kwenye harusi za Mombasa. Wiki nzima niliyokaa Guangzhou, China, kila asubuhi kabla ya kwenda kununua mali, nilifanya mazoezi bustanini na mabibi wa Kichina. Nikawa namtambia shoga yangu Mwanaidi, niliyesafiri naye, kwamba nimepungua.

Siku ya kurudi, mizigo yangu ilizidi uzito. Nikajifunga kiunoni mikanda tisa ya kuchezea, ile yenye visarafu vya bati, nikavaa buibui juu yake.

"Mbona leo umenenepa?" Mwanaidi aliniuliza kwenye foleni ya ukaguzi, uwanja wa ndege.

"Ni buibui tu hili."

Mtambo ukalia. Nikapandisha buibui kidogo, nikamwonyesha askari wa kike mkanda wa juu, nikamweleza kwa ishara kwamba mimi mchezaji. Akatazama mvi zangu, akacheka, akanipungia mkono nipite. Ningepita. Lakini kile kicheko kiliniuma, nikamkatia kiuno pale pale.

Mkanda wa juu ukateleza. Mingine minane ikaufuata, yote ikanirundikia miguuni kwa kishindo.

"Shoga," Mwanaidi akasema, foleni nzima ikitazama, "kumbe umepungua kweli."