Jukwaa Lililovuliwa Paa

Ilikuwa mwaka 2016. Hapana, nasema vibaya. Mwaka 2016 jukwaa la mashariki lilikuwa bado na paa lake, na paa lingekuwepo habari hii isingekuwepo. Basi ulikuwa 2017, mwezi wa kumi, na mvua ya Toronto ya mwezi huo kila mtu anaijua. Si mvua ya kupita. Inakuja kukaa, kama mgeni aliyebeba na godoro lake.

Hyacinthe alikuwa mtunza vifaa wa timu ya Chuo cha Ravensdene, upande wa Agincourt. Timu iliitwa Nungunungu, na mchezo wao ni ule wa mpira uliochongoka pande mbili kama papai changa, wanaoubeba mikononi na kuangushana chini, halafu bado wanauita mpira wa miguu. Siku ya kwanza alipoonyeshwa mpira wenyewe alidhani umekanyagwa na gari. Aliisimulia kanisani, watu wakacheka mpaka mchungaji akaomba utulivu. Siku hizo alikuwa mtu wa kuchekesha.

Kwao ni Uvira. Alipitia kambi ya Nyarugusu, akakaa huko mpaka nywele zikaanza kubadilika rangi, kisha akaletwa Canada na kuanzia Brampton, kwenye ghala la kupakia masanduku, akilala chumba cha chini ya nyumba ya watu. Mgongo ulipomkatalia, muumini mmoja akamwambia kuna chuo kinatafuta mtu wa kufua jezi na kutunza helmeti. Akaenda. Akaipenda ile kazi kwa namna ambayo hakutegemea. Alifua, akaanika, akabadilisha sponji za ndani, akakaza mikanda ya kidevuni, na Jumamosi ya mechi alisimama kando ya uwanja na koti la timu mgongoni, sawa na makocha.

Uwanja ule ulijengwa baada ya vita vikuu, mahali palipokuwa shimo la udongo wa matofali, ndiyo maana ulikaa bondeni na maji ya mtaa mzima yalijua njia ya kuuendea. Mashariki palikuwa na jukwaa la mbao na vyuma, na paa lake lilijitokeza mbele mpaka likafunika benchi la wachezaji. Wazee waliosoma pale zamani walijivunia paa hilo kuliko ushindi wowote, labda kwa kuwa ushindi ulikuwa adimu.

Chini ya paa hilo iliwekwa meza ndefu ya helmeti, na mezani palikuwa na desturi. Helmeti iliyosimama, uso ukitazama uwanja, mwenyewe yuko tayari. Helmeti iliyolazwa chali, mdomo juu, mwenyewe amezuiwa. Leo hachezi tena. Hakuna aliyejua nani alianzisha. Haikuandikwa popote. Lakini mchezaji akikuta helmeti yake imelala chali alikaa chini, hata awe na kiburi cha namna gani, na kocha naye hakumwita.

Hyacinthe alikuwa na dada yake mdogo, Spéciose, mjane, akifanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye makao yao Richmond Hill. Mwanawe ni Moïse, kijana mrefu, mwepesi, mwenye mdomo. Moïse alipochaguliwa kuingia Nungunungu, mama yake alikataa. Aliuona mchezo mara moja kwenye televisheni akasema ni ugomvi uliovalishwa sare. Kijana akamtuma mjomba wake aende kumwombea.

Spéciose alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, akakunja kanga mapajani, akamwita kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa: "Yaya, mimi sijui mchezo huo. Nakujua wewe. Wewe utakuwa wapi wakati anacheza?"

"Kando yake. Helmeti yake naivalisha mimi."

"Basi namtia mkononi mwako. Si mwa chuo. Mwako."

Kwa watu wa kwao, mjomba akishakabidhiwa mtoto mbele ya chakula hana tena pa kurudishia maneno. Hyacinthe alikula, akanawa, akaondoka akijiona mkubwa.

Misimu miwili ilikwenda vizuri kwa kijana, vibaya kwa timu. Moïse alimwita mjomba wake Tonton, na timu nzima ikafuata, mpaka vijana wa Kichina na wa Kihindi wakawa wanapiga kelele Tonton, Tonton, leta maji. Moïse alipenda kumchokoza. Alimwambia anazipangusa helmeti kama bibi anayesubiri wakwe, na kwamba siku moja atakuta moja imeolewa.

Kila mwezi wa nane chuo kilitoa kijitabu cha msimu, chenye picha za makocha na utabiri. Utabiri aliuandika kocha mkuu, bwana Pellerin, mtu mwekundu wa shingo, mpole akiwa amekaa na mkali akiwa amesimama. Kila mwaka alisema timu ni changa lakini inakomaa. Mwaka ule wa 2017 alisema imekomaa. Alimtaja Moïse kwa jina, mshika mipira wa kutegemewa, na kwa mara ya kwanza kijitabu kikamweka Hyacinthe miongoni mwa watumishi wa timu, picha ndogo, pembeni, karibu na mhuri wa chuo. Spéciose aliikata picha hiyo akaibandika kwenye mlango wa friji yake.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na habari ya uwanja. Ulieleza kwamba paa la mashariki limeoza, limeondolewa kwa usalama wa watu, na jipya litafuata pesa zikipatikana. Hakuna aliyeusoma ukurasa huo mara mbili.

Paa lilipotoka, kazi ya Hyacinthe ilibadilika. Meza ilibaki mahali pake kwa mazoea, ila sasa ilinyeshewa. Kila kitu chenye mdomo juu kilijaa maji: ndoo, viatu, vikombe. Helmeti iliyolowa sponji hainuki leo, inanuka keshokutwa, na ikishanuka haisikii sabuni. Kwa hiyo mwezi mzima wa tisa mkono wake ulijifunza kugeuza vitu. Alipita mezani akigeuza, huku akizungumza na mtu mwingine, huku akitazama mchezo, bila kuutuma.

Jumamosi ile mvua ilianza kabla ya mechi. Karibu na mapumziko Moïse aliruka kushika mpira, akagongwa hewani, akatua kwa kichwa. Aliinuka mwenyewe. Watu wakapiga makofi.

Mhudumu wa majeruhi alikuwa Reena, binti wa Kiismaili ambaye wazazi wake walitoka Bukoba. Yeye alizaliwa hapahapa, na Kiswahili chake ni cha bibi yake, cha jikoni, kizuri hata hivyo. Alimshika Moïse mabega akamuuliza leo siku gani. Moïse akasema Jumapili. Reena akamvua helmeti, akaipeleka kwa mikono miwili mpaka kwa Hyacinthe.

"Mzee, huyu leo basi."

Hyacinthe aliilaza chali mezani, mwisho kabisa, karibu na sanduku lake. Hilo analikumbuka. Anakumbuka hata mlio wake juu ya ubao. Moïse alikaa benchini, taulo kichwani.

"Tonton, niko sawa. Nilikuwa natania tu."

"Kaa."

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia.

Kipindi cha pili kilipoanza kijana mwingine alikatikiwa mkanda wa kidevuni. Hyacinthe akaenda stoo, chini ya jukwaa, kutafuta mwingine. Taa ya stoo ilikuwa mbovu, akapapasa. Aliporudi alipiga magoti kumfunga yule kijana, na akiwa bado amepiga magoti akasikia mtangazaji akiita namba ya Moïse. Alitazama meza. Mwisho wa meza palikuwa patupu, ubao mtupu unaonyeshewa. Alisimama akaanza kupunga mikono kuelekea uwanjani, na watu wa jukwaani waliokuwa wamejifunika mifuko ya plastiki walidhani anashangilia.

Kugongwa kwa pili hakukuwa kukubwa. Kila aliyeona alisema hivyo. Moïse alikwenda hatua chache, akakaa kwenye majani kama mtu aliyechoka, akalala. Hakuamka uwanjani, hakuamka hospitali.

Mazishi yalifanyika kwa utaratibu wa kanisa lao, na Nungunungu walikuja wote na jezi zao, wakasimama nyuma, hawajui lini kukaa na lini kuinuka. Chuo kilichapisha stika ndogo zenye namba ya Moïse, na msimu uliobaki kila helmeti ilibandikwa moja kisogoni. Aliyezibandika ni Hyacinthe. Nani mwingine?

Baada ya mazishi watu walikaa matanga nyumbani kwa Spéciose, wakaimba, wakapika. Siku ya kuanua matanga ilipofika na mchungaji amekuja, Spéciose alisema haanui. Hakulia. Alimgeukia kaka yake mbele ya watu.

"Yaya, waliniambia helmeti ilichukuliwa. Nani alimrudishia?"

Hyacinthe alisema hajui.

"Uliza. Siku ukiniletea jina, tutaanua. Sitaki kumfunga mtu. Nataka nijue ninamsamehe nani."

Tangu siku hiyo kitambaa cheusi hakikutoka kichwani mwake, kazini wala kanisani, na wanawake waliacha kumwalika kwenye sherehe, kwa kuwa msiba ambao haujaanuliwa huingia pamoja na mwenyewe.

Hyacinthe aliuliza. Chuo kilileta watu wenye tai, wakamhoji kila mmoja peke yake, kisha wakawakataza kuzungumza wao kwa wao. Yule kijana wa mkanda alisema hakuona. Wenzake hawakuona. Alimngoja Reena kwenye maegesho ya magari, na Reena alipomwona alitazama kwanza madirisha ya chuo.

"Mzee, nimeambiwa nisiongee."

"Siongei na chuo. Naongea na wewe, mwanangu."

"Mimi nilikuwa kwa yule aliyeteguka mguu. Niliinua kichwa, nikaona helmeti imesimama, Moïse anaichukua. Nikadhani kocha amemruhusu. Ilikuwa imesimama, Mzee."

"Mimi niliilaza."

"Najua. Nilikuona ukiilaza."

Reena akaingia kwenye gari lake, akateremsha kioo kidogo, kama anayetaka kuongeza neno, akakipandisha tena.

Njiani kurudi, ndani ya basi, Hyacinthe alianza kuuona mkono wake. Aliuona ukipita mezani wakati anakwenda stoo, ukichukua helmeti iliyojaa maji, ukiyamwaga, ukiisimamisha. Aliyaona maji yenyewe yakianguka kwenye kiatu chake. Ila hakuweza kujua kama ni siku ile au ni siku nyingine yoyote ya mvua, maana jambo hilo alikuwa amelifanya mara zisizo na idadi. Kadiri alivyotazama ndivyo picha ilivyozidi kung'aa, na ndivyo alivyozidi kutoiamini.

Desemba helmeti hupelekwa kiwandani kukaguliwa, nazo hazipokewi zikiwa na stika. Akazibandua. Alitumia kucha na maji ya moto, peke yake, chini ya jukwaa. Nyingine zilitoka nzima, nyingine zilichanika zikaacha nusu ya namba, ikabidi asugue. Alipomaliza hakujua azitupe wapi zile stika. Alikwenda nazo nyumbani, mfukoni mwa koti, zikagandana zikawa donge.

Kijitabu cha mwaka uliofuata kilikuwa na utabiri kama kawaida. Timu ni changa lakini inakomaa.

Hapo ndipo Hyacinthe alipokwenda nyumbani kwa dada yake akiwa ameamua. Alisema huenda ni yeye. Alieleza paa, mvua, sponji, mkono. Akasema, "Chukua jina langu. Tuanue matanga, upumzike."

Spéciose alimwekea chai, akakaa muda mrefu akitazama ile picha kwenye friji, ambayo hakuwa ameibandua.

"Unajua kwamba ni wewe?"

"Sijui."

"Mimi nilikuuliza nani alimrudishia. Sikukuuliza nani atakubali." Alimsogezea sukari. "Kunywa, inapoa."

Kocha Pellerin aliondoka msimu uliofuata, na korona ilipokuja hakukuwa na msimu hata kidogo. Timu ilivunjwa. Paa jipya halikuwekwa; badala yake iliamuliwa uwanja wenyewe uondolewe, pajengwe nyumba za ghorofa. Siku ya kubomoa walialikwa waliowahi kufanya kazi pale, wakapewa kahawa na kipande cha ubao wa jukwaa kama kumbukumbu. Pellerin alikuja, amekonda, shingo imekuwa nyeupe. Hyacinthe alimfuata. Hakumsalimia kwanza, naye ni mtu asiyeruka salamu.

Alimwambia kwamba dada yake amezeeka akiwa na kitambaa kilekile. Kwamba hataki mahakama, anataka jina tu la aliyemrudishia kijana helmeti. Pellerin alimshika mkono, akaushika kwa mikono miwili, macho yakamlowa, akasema Moïse alikuwa kijana wa pekee. Mtu mmoja wa chuo akamwita kocha aje kwenye picha, akaenda.

Mashine iliuma jukwaa kuanzia juu. Mbao zilikuwa zimeoza kuliko alivyofikiri mtu yeyote, zikaanguka bila kelele. Mvua haikuwepo siku hiyo. Hyacinthe alibaki kwenye uzio mpaka walipofika mahali palipokuwa meza, wakaikwangua ardhi ikawa sawa na ardhi nyingine, na aliposema, alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kwa yeyote aliyekuwa amesimama karibu: Nani aliigeuza ile helmeti?