Shavu la Nyanchoka

Mashine ya alama za vidole ilimkataa Nyanchoka mara ya tatu, na foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Chama cha wachongaji wa mawe wa eneo la Tabaka kilikuwa kinaandikisha wakongwe watakaofundisha vijana katika karakana mpya, na kila jina lilihitaji kidole gumba.

"Futa tena, mama," akasema Purity, karani wa chama.

"Nimefuta, mwanangu. Hakuna kitu hapo."

Kweli hakukuwa na kitu. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa amekaa mbele ya beseni la maji, akisugua kwa msasa vinyago vya jiwe la sabuni vilivyochongwa na wengine. Jiwe hilo laini nalo lilikuwa likimsugua yeye, mpaka vidole vikabaki laini kama kokoto ya mtoni.

Osoro, mwenyekiti, aliinua macho. Hakuwa mtu mbaya. "Usisumbuke, mama. Mkongwe tunayemtafuta ni mchongaji. Wewe umekuwa ukisugua tu. Na kuzeeka pekee si ukongwe."

"Najua. Hata mawe ya machimboni yamezeeka, na hujayaandikisha."

Foleni ikacheka. Nyanchoka hakucheka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na aliogopa yasije yakafumba kabla hajamwachia mtu kile alichokijua.

Mezani palikuwa na kiboko wa jiwe la rangi ya waridi, kazi ya Osoro mwenyewe, akingoja kufungwa aende kwa mnunuzi. Nyanchoka akamwinua, akafumba macho, akampitisha shavuni polepole, tangu mgongoni hadi chini ya taya, kama anayepima homa ya mtoto. Vidole vilipoacha kumwambia lolote, miaka mingi iliyopita, shavu ndilo lililochukua kazi. Nyuma ya sikio la kiboko akasita.

"Hapa pana mkwaruzo."

Osoro akapapasa, hakupata kitu. Akapalowesha, akamgeuza kiboko kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwepo, mwembamba kama unywele.

"Msasa wa mwisho nilipiga mimi," akasema kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa umechoka. Mkono uliochoka huegemea."

Osoro akamsogezea Purity daftari. "Mwandike."

"Na kidole?"

"Acha nafasi wazi. Atakayeiona hapa Tabaka atajua ni ya nani."

Nyanchoka alikuwa bado amemkumbatia kiboko, akiuliza beseni na msasa viko wapi.